Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilometa ziamini, muda uhakiki

Kikokotoo hiki nakitumia kupangia safari za ndani na za nchi jirani. Kwa kilometa nakipa alama zote. Kwa muda, usimwambie mtu aje kukupokea kabla hujapiga hesabu yako mwenyewe.

Ukiandika DAR (Dar es Salaam) na MWZ (Mwanza), kinaleta takriban kilometa 850. Huo ni mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia. Basi linalopita Dodoma na Singida hutembea zaidi ya 1,100. Kikikuletea 460, kimehesabu kwa maili za baharini, zidisha kwa 1.852. Na andika herufi tatu za uwanja, siyo jina la mji. Ukiandika "Arusha" unaweza kupewa ARK, ule wa Kisongo, kumbe tiketi yako ni ya JRO, Kilimanjaro, kama kilometa 50 kutoka Arusha mjini.

Kwenye muda ndipo kinapokosea. Kinachukulia kila ndege ni jeti ya kilometa 850 kwa saa, kisha kinaongeza dakika 30 za kupaa na kutua. Dar–Mwanza inatoka saa moja na nusu, na kwa jeti ni sawa. Lakini njia hii ina pangaboi pia. ATR 72, mojawapo ya hizo, hukimbia kama kilometa 500 kwa saa: 850 gawanya kwa 500 ni saa 1 na dakika 42, ongeza 20 za kutambaa uwanjani na kupaa, unapata kama saa mbili. Kwenye ratiba ya safari, aina ya ndege mara nyingi huandikwa kwa maandishi madogo pembeni ya namba ya safari: AT7 ni ATR 72, DH4 ni Q400 (hii ina kasi zaidi kidogo, gawanya kwa 650), 223 ni Airbus A220-300. Wengi huruka mstari huo, nao ndio wenye jibu.

Safari fupi hukosewa kinyume. Dar–Zanzibar ni kilometa 73 tu. Kikokotoo kinasema dakika 35, wakati ndege ndogo kama Cessna Caravan hufika kwa kama 20, kwa sababu haina haja ya kupanda juu sana.

Ukivuka mpaka, angalia saa za huko. Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Dar kwa saa moja. Tiketi huonyesha saa za kila uwanja, kwa hiyo ukitoa tu ya kuondoka kwenye ya kufika, kwenda kutaonekana kufupi kwa saa nzima na kurudi kurefu kwa saa nzima. Safari ni ileile.

Tena tiketi haihesabu saa kwa Kiswahili. 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri, siyo saa sita, na kwa ndege ya ndani uwe umeshafika uwanjani saa kumi alfajiri.