Begi la magurudumu la laptopu: mimi nilianza na mizani

Mwenye haraka achukue hili aende zake: begi ninalosafiria sasa ni la kitambaa cha nailoni, lina magurudumu mawili, na likiwa tupu halifiki kilo mbili na nusu. Kwa mambo makubwa nimeridhika nalo. Kuna madogo yananikera, nitayasema. Chapa siitaji, maana kampuni ile ile huuza begi zuri na begi bovu kwa jina moja, na muundo hubadilika kabla hujamaliza kumsimulia mwenzako. Tafuta sifa, jina litajileta lenyewe.

Safari zangu ni za kikazi na ni fupi: kikao, mafunzo, kumwona mteja, kisha kurudi. Mzigo ni laptopu ya inchi 15.6, chaja yake, makabrasha, nguo za siku mbili tatu na vikorokoro vya bafuni. Sipendi kusimama kwenye mkanda wa mizigo nikisubiri sanduku, wala kuning'iniza mkoba wa laptopu begani huku mkono mwingine ukivuta begi la nguo. Nilitaka kitu kimoja cha kuingia nacho ndani ya ndege, na laptopu ikae humo humo.

Ukienda dukani kutafuta begi la namna hii, muuzaji atakufungulia mifuko. Huu wa simu, huu wa pasipoti, huu wa kalamu, na huu hapa wa siri. Inapendeza kwelikweli. Lakini kila mfuko ni kitambaa, bitana na zipu, na vyote vina uzito. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kwenye ndege nyingi ni kilo saba.

Tofauti ya masharti kati ya shirika na shirika inashangaza. Emirates humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7 za mzigo wa mkononi. Lufthansa ni kilo 8. British Airways wamefika kilo 23, ilimradi uweze kulinyanyua begi mwenyewe hadi kwenye kabati la juu. Mashirika makubwa ya Marekani, yaani United, Delta na American, hutazama zaidi vipimo kuliko kilo: sentimita 56 kwa 36 kwa 23. Anayesafiri na shirika moja tu ana raha yake. Mimi husafirishwa na tiketi yoyote ambayo ofisi imeipata, kwa hiyo nalazimika kununua begi la sharti gumu kuliko yote.

Sasa piga hesabu. Begi la magurudumu lenye chumba cha laptopu mara nyingi lina kilo tatu, au tatu na nusu, likiwa halina kitu. Laptopu ya ukubwa wangu ni kama kilo mbili. Chaja, nyaya na kipanya, weka nusu kilo. Umeshafika sita na hujatia hata soksi. Ndiyo maana nilikwenda dukani na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Muuzaji alicheka kidogo, kisha naye akaanza kupima mabegi yake, na ikabainika kwamba lililopambwa kama jepesi kuliko yote halikuwa jepesi. Begi nililochagua linaniachia kilo mbili hivi kwa ajili ya nguo. Mashati, suruali moja, nguo za ndani na mfuko wa sabuni vinatosha humo. Koti na viatu vizito navaa mwilini, kwa sababu kwa kawaida hakuna anayempima abiria.

Vipimo vina mtego wake. Sentimita zinazohesabika ni za nje, pamoja na magurudumu na mpini uliokunjwa. Watengenezaji wengine huandika urefu wa mwili wa begi peke yake, kisha magurudumu yanaongeza tatu au nne zisizotajwa popote. Pima mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Na ile zipu ya kupanua begi inayozunguka katikati, ukiifungua, sentimita 20 zinageuka 25 na begi haliingii tena kwenye kile kisanduku cha kupimia. Langu halina zipu hiyo. Sijawahi kuikosa.

Kwenye magurudumu ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kwingine, na ninajua wengi hawatakubaliana nami. Mtindo wa sasa ni manne yanayozunguka pande zote. Kwenye sakafu laini ya uwanja wa ndege ni raha tupu: unalisukuma ubavuni mwako kwa vidole viwili, mkono hauchoki, begani hakuna maumivu. Ukitoka nje ya mlango hadithi inabadilika. Lami iliyochimbika, vitofali vya njia ya waenda kwa miguu, changarawe, ukingo wa barabara. Vijigurudumu vile vinakwama, vinageuka upande, na kimoja kikivunjika begi linaanza kupiga magoti. Ndani ya basi au treni, dereva akikanyaga breki, begi linaondoka bila mwenyewe.

Magurudumu mawili hayana mbwembwe hizo. Unaliinamisha begi na kulivuta, na ukilisimamisha linasimama. Yamezama kwenye pembe za begi, kwa hiyo hayali nafasi. Manne hutokeza chini, na urefu wote wa miguu yake unahesabiwa ndani ya urefu unaoruhusiwa. Kwa begi dogo la kikazi hiyo ni nafasi ya shati moja au mawili. Ubaya wake ni kwamba uzito wote wa kuvuta uko kwenye mkono mmoja, na kwenye njia nyembamba kati ya viti vya ndege lazima ulivute nyuma yako kwa tahadhari usiwaburuze watu miguu.

Kwa jambo hili rubani ni shahidi mzuri. Mwaka 1972 Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku lenye magurudumu manne lililovutwa kwa mkanda, nalo liliyumba na kuanguka kwenye kona. Aliyeleta begi la kusimama wima, magurudumu mawili na mpini mrefu, ni Robert Plath, rubani wa Northwest Airlines, mwaka 1987. Aliwauzia kwanza marubani na wahudumu wenzake, watu ambao kutembea na begi ndiyo sehemu ya kazi yao. Bado nawaona marubani wengi na mawili yao.

Angalia pia gurudumu limefungwaje. Langu limeshikwa kwa skrubu, na unaweza kulifungua kwa spana ndogo, ukasafisha nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli, au ukabadilisha gurudumu zima. Yaliyopigwa ribiti yakiisha ndiyo mwisho wa begi, labda umpate fundi mvumilivu. Kuhusu kelele, gurudumu la mpira laini hunyamaza. La plastiki ngumu litawaamsha wageni wote wa hoteli ukifika usiku.

Laptopu inakaa wapi? Mabegi mengi huiweka mbele, chini ya zipu ya kwanza, ili uitoe haraka kwenye ukaguzi. Ni rahisi, lakini begi likiwa na nguo chache, uzito wa mbele hulivuta na likaanguka kifudifudi kila unapoliachia. Tena hapo mbele ndipo panapogongwa. Mimi nilitaka chumba cha nyuma, karibu na fito za mpini, kinachofunguka kutoka juu. Uzito unalala upande wa magurudumu na begi halipinduki. Jambo jingine, na hili halionekani kwa macho hadi uingize mkono: kitanda cha laptopu kisifike sakafu ya begi. Kiwe kimening'inia sentimita mbili tatu juu yake, na sifongo chini. Begi la magurudumu hupata mtikisiko ambao mkoba wa begani haujui, na kila ngazi unayoshuka kwa kuliburuta ni pigo kwenye pembe ya mashine. Ikiwa chumba kinagusa sakafu, tia laptopu kwenye ala yake kwanza.

Ala hiyo nainunua hata kama chumba ni kizuri, na sababu ni geti. Ndege ikijaa, mhudumu husimama karibu na foleni akifunga lebo kwenye mabegi ya magurudumu: hili linakwenda chini. Hakuulizi kama kuna mashine ndani. Hapo una dakika moja, watu nyuma yako wanahema, na laptopu yako imezikwa chini ya makabrasha. Pawabenki nayo lazima itoke, kwa sababu betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye shehena ya ndege. Zinasafiri na abiria, ambako moto ukianza mtu atauona. Kwa hiyo naweka laptopu, pawabenki, dawa na pasipoti kwenye ala moja yenye mfuko wa pembeni. Nikiambiwa begi linashuka, naichomoa ala, nafunga zipu, nimemaliza. Nimewaona watu wakipiga magoti getini wakichambua nguo zao mbele ya umma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Nikiwa kwenye betri: kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 (kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi), na kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika. Pawabenki ya 20,000 mAh kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, itakuletea maswali. Kwa sababu hiyo hiyo nilipita mbali na mabegi yenye chaja yake ndani. Kuanzia Januari 2018 mashirika makubwa ya Marekani yaliyakataa yale ambayo betri yake haitoki. Siku hizi mengi yana betri ya kuchomoa, au yana tundu la USB tu na waya mtupu ndani, ambao ni uzito wa kubeba bure kwani pawabenki unaweza kuitumia ikiwa mkononi.

Kitambaa nitakipitia haraka. Plastiki ngumu inalinda vizuri dhidi ya mvua na kugandamizwa, lakini hufunguka katikati kama chaza, na kufungua begi la namna hiyo kwenye kiti cha kusubiria ni kuanika maisha yako. Nailoni nzito iliyosokotwa, ile inayoandikwa denia 1680 (denia ni kipimo cha unene wa uzi), inastahimili kusuguliwa miaka mingi na haionyeshi mikwaruzo. Poliesta nyepesi ya 600 ni nafuu na inafaa kwa asiyesafiri sana. Haizuii mvua kubwa hata moja kati ya hizi mbili, kwa sababu maji hupita kwenye zipu. Na zipu za kawaida za meno ya plastiki hufunguka kwa ncha ya kalamu hata zikiwa na kufuli, kwa hiyo kufuli ni la kuzuia udadisi na si wizi.

Basi yanayonikera. Mpini una hatua mbili tu, na ile ya juu ni fupi kwangu; nikitembea haraka begi linanigonga kisigino. Mtu wa kimo cha wastani hatalijua tatizo hili, mrefu ajaribu kutembea nalo dukani, tena likiwa na kitu kizito ndani, kwa sababu begi tupu humpendeza kila mtu. Mpini wenyewe unacheza kidogo kushoto na kulia, ila mafundi wawili niliowauliza walisema huo mchezo ndio unaouzuia usivunjike, na mpaka leo haujaongezeka. Fito zake zinapita ndani ya begi, kwa hiyo sakafu ya chumba cha nguo ina matuta mawili. Soksi na mikanda nazipanga katikati ya matuta kwanza, kisha nguo juu. Mfuko wa mbele ni mwembamba hata chaja haiingii vizuri, na zipu yake inang'ata bitana.

Niliwahi kufikiria dogo zaidi, lile la magurudumu linaloingia chini ya kiti. Halichukuliwi getini na halihitaji kabati. Kwa safari ya kulala usiku mmoja ningelinunua bila kusita. Lakini fito na magurudumu huchukua sehemu ile ile kwenye begi dogo kama kwenye kubwa, kwa hiyo kinachobaki ndani ni laptopu na shati moja. Kwa safari hiyo mkoba wa mgongoni unashinda: mwepesi zaidi, na ngazi si tatizo.

Anayeumwa mgongo au bega asinifuate kwenye magurudumu mawili, achukue manne na avumilie changarawe. Na anayesafiri kwa gari la ofisi mlango kwa mlango, uzito wa begi si shida yake. Huyo achague kwa mifuko na rangi.