Bukavu: mutueli ya afya au kadi ya asiransi?

Tangu sheria ya Machi 2015 ilipofungua soko la asiransi, kampuni za binafsi zimeingia Kongo. Mutueli, yaani vyama ambavyo watu huchanga pesa pamoja ili kulipia matibabu, nazo zilipata sheria yao mwaka 2017. Kwa familia ya Kadutu au Bagira, komini za Bukavu, hizi ni njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Mutueli huandikisha nyumba nzima, si mgonjwa peke yake. Sababu ni hesabu: wakija wagonjwa tu, sanduku linakauka kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana pia kuna miezi ya kungoja kabla ya kadi kufanya kazi. Ukiugua, anzia kituo chako cha afya, upewe karatasi ya transfè, ndipo uende hospitali kuu. Hapa ndipo wengi hukwama: wanapanda moja kwa moja hospitalini bila karatasi, kisha fakture yote inawaangukia. Hata ukifuata njia, kuna sehemu utalipa mwenyewe. Uliza asilimia yake siku ya kujiandikisha.

Asiransi ya binafsi mara nyingi huja na kazi. Vyumba ni bora, unachagua daktari ndani ya orodha yao. Lakini soma kikomo cha mwaka, magonjwa yasiyolipiwa, na upasuaji unaohitaji idhini kabla. Mtoto mchanga asipotangazwa mapema, hana kadi. Mkataba wa kazi ukiisha, nayo imeisha.

Kwa asiye na mshahara, kama muuza samaki, mutueli. Mwenye mshahara aweke asiransi juu ya mutueli, kama nyongeza.