Chachu ya chakula cha nguruwe: dawa ni nzuri, maelezo yake hayatoshi

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikiwalisha nguruwe wangu hapa Ruai, Nairobi, chakula kilichochachushwa kwa kimiminika cha bakteria nilichonunua shilingi 650 kwa lita, katika duka moja la dawa za mifugo katikati ya jiji. Nilikitafuta kwa sababu kila nilipowaachisha watoto wa nguruwe kunyonya, walianza kuharisha kabla juma halijaisha, nami nilikuwa nimechoka kukimbilia antibiotiki.

Nachanganya wishwa wa ngano, mahindi yaliyosagwa na mashudu ya alizeti, kila kilo moja kwa lita mbili na nusu za maji. Maji ya mfereji huyalaza kwanza ndani ya ndoo iliyo wazi ili klorini ipungue, isije ikaua bakteria walewale niliowalipia. Bakteria hao hula sukari na kutoa asidi ya laktiki, na pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) inaposhuka hadi karibu 4, vijidudu vya kuharisha kama salmonela na E. coli hupata shida kustawi. Chakula kikiiva, ukifunua pipa unapokewa na harufu safi ya uji uliochacha, na nguruwe huanza kupiga kelele kabla hujafika kwenye hori.

Katika uzao wa mwisho wa watoto 11, walioharisha walikuwa 2 tu, tena kwa siku moja. Ni haki niseme kwamba wakati huohuo niliongeza matandiko makavu zizini, kwa hiyo sifa zote si za chupa.

Lawama yangu ni kwa kibandiko. Kinasema umimine na usubiri siku tatu, basi. Mwezi wa Julai, usiku ulipokuwa baridi, pipa langu lilitoa harufu ya pombe na povu likamwagika sakafuni, kwa kuwa bakteria walizubaa na hamira wakawatangulia. Nilitupa kilo 40 za chakula. Nilipolalamika, muuzaji aliniambia niongeze dawa, ilhali kilichohitajika ni joto: tangu nilipolihamishia pipa jikoni na kulivika magunia, halijaharibika tena. Wala hakuna panapoelezwa kwamba lisini ya dukani, kirutubisho cha kuwakuza nguruwe, huongezwa wakati wa kulisha, kwani ikichachushwa pamoja na chakula, vijidudu huila. Mnunuzi pia alistahili kuonywa kuwa uchachushaji hauyatakasi mahindi yenye kuvu, wala hauondoi haja ya kuchemsha makombo ya hotelini, ambayo yanaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika.

Nitakinunua tena, ila mara chache, kwa sababu sasa hubakiza lita mbili za pipa lililofaulu nikaanzishia jingine. Na nitakinunua kwenye duka ambalo chupa zake zina tarehe ya kutengenezwa. Yangu haikuwa nayo.