Kontrola ililinda betri, samaki wangu wakafa

Nianze na haki kabla hasira haijapanda: paneli yenyewe ya sola sina ugomvi nayo. Jua likitoka inachaji, vumbi likiishika naipangusa kwa kitambaa chenye maji, basi. Ningekuwa natoa maoni juu ya paneli tu, ningeipa nyota tano nikaendelea na shughuli zangu. Lakini sikuuziwa paneli. Niliuziwa seti nzima, paneli, kontrola (kile kifaa kinachosimamia betri inavyochajiwa na inavyotumika), betri na nyaya zake, kwa ahadi kwamba itaendesha bwawa langu usiku na mchana. Mchana nakubali. Usiku ndio unaonikalisha hapa kuandika.

Wafugaji wenzangu wataniwia radhi nikieleza kidogo kwa ajili ya wageni. Bwawa langu liko ndani ya kitalu nyumba, nyuma ya nyumba ninayoishi. Samaki ni perege. Pampu inanyanyua maji yao machafu hadi kwenye vitanda vya kokoto vyenye mboga. Humo kwenye kokoto kuna bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti. Mboga zinajilia naitreti, na maji yanarudi bwawani kwa kudondoka, yamesafika na yamebeba hewa. Pampu ikisimama, vyote vinasimama. Hata wale bakteria wanahitaji oksijeni, kwa hiyo wakati samaki wanatweta, amonia nayo inaanza kulundikana.

Hayo yote nilimweleza muuzaji. Nilimwambia pampu yangu ni ya volti 12, wati 30, na haizimwi, saa 24. Akaandika kwenye risiti kwa mkono wake, "pampu W 30, saa 24". Risiti ninayo. Akaniambia, "Mama, kwa seti hii utasahau mambo ya umeme kukatika." Akajaribu pia kunisukumia inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nikakataa. Pampu inakula volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, inveta ya nini? Inveta yenyewe inakula umeme hata ikikaa bila kazi, na ukigeuza umeme mara mbili unaupoteza mara mbili. Alipoona najua hilo akaniheshimu kidogo, au nilidhani hivyo.

Siku za mwanzo nilikuwa mpiga debe wao. Jua lilikuwa kali, mboga zinanawiri, perege wanaparamia chakula mpaka maji yanachemka. Nilileta watu nyumbani kuja kuona. Nadhani wawili watatu walinunua kwa maneno yangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha yakaja mawingu. Si mvua ya kutisha, ni yale mawingu ya kijivu yanayokaa siku nzima bila kuamua. Alfajiri moja niliingia kitalu nyumba na tochi nikakuta maji yametulia. Mwenye bwawa kama langu hapendi kabisa kuona maji yametulia. Perege walikuwa juu wote, midomo imetokeza, wanavuta ule utando wa juu kabisa wa maji ambao ndio peke yake uliokuwa umebaki na hewa. Wengine walikuwa wameshalala ubavu. Na waliokufa walikuwa wakubwa, wale wa kuvuliwa karibuni. Wadogo wengi walikuwa bado wanahangaika. Oksijeni ikiisha majini mara nyingi inakuwa hivyo, wenye miili mikubwa wanatangulia. Ukiona wakubwa wamekufa na wadogo wako hai, alfajiri, usihangaike kutafuta aliyekutilia sumu. Angalia pampu.

Pampu ilikuwa nzima. Waya uko sawa, fyuzi iko sawa. Kwenye kioo cha kontrola kale kapicha ka pampu kamezimika, na betri inasoma volti kumi na moja na ushee. Yaani umeme upo, ila kontrola imekataa kuutoa! Nikachukua ndoo nikawa nachota maji na kuyamwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, ili yachukue hewa. Nilifanya hivyo mpaka mikono ikafa ganzi. Jua lilipopata nguvu ndipo kontrola ikajisikia, ikawasha pampu yenyewe, bila haya.

Baada ya simu nyingi fundi wao akaja. Kijana mdogo, na sina shida na umri wake. Hakuuliza samaki wangapi wamekufa. Bwawa hakulitupia hata jicho. Alikwenda moja kwa moja kwenye kontrola, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, akatabasamu.

"Mama, mbona kifaa ni kizima? Ona hapa, volti 10.7. Betri ikishuka hapo kinakata chenyewe. Kimekulindia betri."

"Na samaki wangu, mwanangu, nani amewalinda?"

"Kwani samaki hawalali usiku? Pampu ya nini usiku?"

Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa bado na ndoo mkononi, na namshukuru Mungu kwamba haikuwa na maji.

Sasa namjibu hapa, yeye na waliomtuma. Samaki analala, hafi. Akilala anapumua. Mchana mimea na mwani wa bwawani wanatoa oksijeni kwa sababu ya mwanga. Giza likiingia wanaacha kutoa, na wao pia wanaanza kuitumia. Kwa hiyo kuanzia magharibi oksijeni inashuka saa kwa saa, na inafika chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Halafu maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi lita moja inaweza kubeba kama miligramu 9, kwenye nyuzi 30 ni kama 7.5. Kitalu nyumba kazi yake ni kutunza joto usiku. Kwa hiyo mtu anayeuza vifaa vya bwawa la kitalu nyumba, kama kuna saa moja tu ambayo hapaswi kukata pampu, ni hiyo ya alfajiri. Na ndiyo saa ambayo betri inakuwa imeishiwa. Kontrola yao imepangwa kukata saa mbaya kuliko zote, tena kwa mpangilio wa kiwandani, na ikishakata hairudishi mpaka betri ipande hadi volti 12.6. Siku ya mawingu, hiyo 12.6 utaisubiri mpaka samaki wote wawe kitoweo.

Na wala si kontrola peke yake. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo muuzaji alipaswa kuipiga pale pale dukani. Wati 30 kwa saa 24 ni wati-saa 720. Betri yao ni ya asidi, ampea-saa 100, volti 12, kwa maandishi wati-saa 1,200. Lakini betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo unachoweza kutumia bila kuiumiza ni kama 600. Paneli ya wati 100 kwa saa tano za jua zuri, jua zuri kabisa, inakupa 500 kabla ya upotevu wa kwenye nyaya na betri. Ingia 500, toka 720. Hata siku ya jua kali betri haikuwa inajaa. Ilikuwa inakula akiba yake kidogo kidogo wakati mimi nakaribisha wageni. Ili pampu ile iende saa 24 nilihitaji paneli ya zaidi ya wati 200, na betri yenye akiba ya angalau siku moja ya mawingu. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, na namba zote zilikuwa kwenye risiti, kwa mwandiko wake.

Halafu betri yenyewe fundi wao wa kwanza aliifunga ndani ya kitalu nyumba, "isiibiwe". Betri ya asidi inapenda nyuzi 25 hivi, na kila ikiongezeka kama nyuzi 10 juu ya hapo umri wake unakatika nusu. Vichwa vyake vilikuwa vimeshaota ule unga wa kijani na nyeupe kwa sababu ya unyevu. Huyu wa pili aliuona, akaupuliza kwa mdomo, akaondoka.

Nilipopiga simu ofisini nikapokelewa na dada mmoja mwenye sauti nzuri. Akanisikiliza, akaniambia, "Pole sana mama. Ila waranti yetu haihusu viumbe hai." Nikamwambia sidai samaki, nadai mlichoniahidi kwenye risiti. Akasema atamfikishia msimamizi. Msimamizi huyo nadhani na yeye analala usiku, na mchana pia.

Sasa, nisije nikaonekana nakatisha watu tamaa na sola. Bwawa langu leo linaendeshwa na jua, na paneli ni ile ile. Nilichofanya ni kutenganisha kazi. Pampu kubwa ya maji inafanya kazi mchana tu, jua likiwepo, na vitanda vya kokoto vinavumilia usiku mmoja bila mzunguko kwa sababu vinabaki na unyevu. Usiku inafanya kazi pampu ndogo ya hewa, wati 5, inayosukuma mapovu kupitia mawe mawili yenye vitundu chini bwawani. Wati 5 kwa saa 14 ni wati-saa 70. Sabini! Ile betri yao, pamoja na uchovu wake, inaibeba hiyo bila kuhema, hata kukiwa na mawingu. Nimeihamishia nje kwenye kivuli, ndani ya sanduku lenye matundu. Samaki wanachohitaji usiku ni hewa, na kusukuma hewa ni rahisi kuliko kunyanyua maji. Jambo dogo hivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyenitajia.

Na kengele. Hili linanichoma kuliko hesabu. Kontrola ilikata pampu kimyakimya, hakuna mlio, hakuna taa nyekundu ya kuonekana kutoka mlangoni. Fundi wa redio wa karibu na kwangu alinitengenezea relei moja, yaani swichi inayoshikwa na umeme: umeme wa pampu ya hewa ukiwepo unaishikilia, umeme ukikatika relei inaachia na kuunganisha king'ora chenye betri zake kavu. Ni kidude kinachoingia kwenye kiganja. Kimeshaniamsha mara moja, kishikio cha fyuzi kilikuwa kimelegea, nikakaza nikarudi kulala. Kama kidude hicho kingekuwa kwenye seti tangu mwanzo, wale wakubwa wangekuwa hai. Ningeamka nikiwa na usingizi na hasira, lakini wangekuwa hai.

Kwa hiyo nyota tatu. Paneli nzuri, nyaya nene za kutosha, kontrola inafanya ilichopangiwa hata kama aliyeipanga hajawahi kufuga kitu. Ukiwa na mwanga wa taa tu nyumbani, kontrola kukata betri ikishuka ni jambo la maana sana. Unakaa gizani, hufi. Nawaza hata kusema kwamba kwa matumizi mengine ningewapendekeza.

Nimelikatiza andiko hili kupokea ujumbe wao. Wanasema wamesikia "malalamiko" yangu, na kwa kuwa nimefungua sanduku la betri na kuongeza vifaa visivyo vyao, waranti ya betri imefutwa. Wananishauri ninunue betri ya pili na paneli ya pili, kwao, kwa punguzo la mteja wa zamani. Na mwisho kabisa, kwa upole, wanauliza kama ningeweza kutoandika lolote hadharani mpaka msimamizi arudi safari.

Zile nyota tatu nazirudisha. Nawaachia moja kwa sababu haiwezekani kuweka sifuri. Kama umeshanunua seti yao na una samaki, leo kabla jua halijazama bonyeza kitufe cha kontrola mpaka uone namba ya kukata na namba ya kurudisha, kisha nunua pampu ya hewa. Msimamizi akirudi safari nitaongeza hapa chini alichosema.