Sekonic L-308X: kupima mwanga mara moja na kuendelea na picha

Ndugu watazamaji, karibuni Bagamoyo. Nimesimama Mji Mkongwe, kando ya nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa, na kifaa hiki kinachoenea katika mfuko wa shati ni kipima mwanga cha Sekonic L-308X, kinachotumia betri moja tu ya AA.

Kamera ina mkanda wa filamu wa Kodak Gold 200 na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, nimeiweka 1/250 ya sekunde. Nikilisogeza kando kuba hili jeupe kwa kidole gumba, kifaa husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na nikikielekeza ukutani kinanipa f/22, yaani ukubwa wa tundu la lenzi, ambapo namba kubwa ni tundu dogo. Sasa nalirudisha kuba mahali pake, nasimama ukutani hapa atakaposimama mtu wa kupigwa picha, naligeuza litazame kamera, nacho kinasoma f/11. Jua ni lilelile, lakini tofauti ni stopu 2, yaani mwanga mara nne, kwa sababu kipimo cha kwanza huchukulia kila kitu kuwa kijivu cha wastani, kile cha asilimia 18, hivyo weupe wa chokaa hukidanganya na uso wa mtu hutoka giza. Ndivyo nilivyozipoteza sura za wajomba zangu katika harusi ya dada yangu: wote walivaa kanzu nyeupe, mkanda uliposafishwa kanzu zikatoka za kijivu na nyuso hazikutambulika, na harusi ile hairudi tena.

Tangu hapo natumia kuba peke yake. Napima juani mara moja, napima kivulini mara moja, ambako leo chini ya mwembe nimepata f/4, kisha nakirudisha mfukoni na kuwatazama watu badala ya namba, hadi jua lipande au wingu lipite. Nikiwa na shaka, mkanda wa negativu, ule wa picha za kusafishia kwenye karatasi, nauongezea mwanga, kwani huvumilia kuzidishiwa kuliko kupunjwa. Filamu ya slaidi, ile ya picha za kuangazia ukutani, haina uvumilivu huo.

Majahazi yaliyo mbali hayanisumbui, maana jua linaloyapiga ndilo linalonipiga mimi hapa ufukweni. Kasoro huonekana wingu linapoyafunika nami bado niko juani, kwa kuwa kifaa hiki hakiwezi kupima doa dogo la mbali. Hapo nalisubiri wingu linifikie, ndipo napima.