Jukwaa la kubebeka la mbwa waruka maji: uzoefu wangu baada ya msimu mzima

Nilipokuwa nachagua jukwaa la mchezo wa mbwa kukimbia na kurukia bwawani, ambapo anayeruka mbali zaidi ndiye mshindi, nilimuuliza muuzaji swali moja tu: linabeba kilo ngapi? Swali la mtu asiyejua. Mbwa wa kilo 30 na mwenye mbwa wa kilo 90 hawavunji jukwaa lolote lililoungwa na fundi mwenye akili zake. Kinacholitesa ni teke la mwisho, mbwa anapofika ukingoni mbio na kuisukuma sakafu nyuma kwa miguu yake ili aruke. Teke hilo hurudiwa siku nzima.

Letu lina vipande 5 vya mita 2.4 kwa 2.4: fremu ya alumini, juu yake plaiwudi isiyoharibiwa na maji, na nyasi bandia za kufunika. Vikiungwa unapata futi 40 kwa 8, vipimo vya DockDogs, shirika la Marekani linaloendesha mashindano ya mchezo huu, na sakafu hukaa futi 2 juu ya maji. Ukijumlisha kina cha bwawa, ambacho kwetu ni mita 1.2, unajikuta umesimama karibu mita 1.8 kutoka ardhini. Kwenye picha haionekani hivyo. Siku ya kwanza tuliliunga bila kukaza vyuma vya mshazari vya miguuni, nami nikapanda kujaribu. Likayumba kama kitanda kibovu. Tulipovikaza, kimya kabisa.

Kuliunga ni raha, nikiri. Vipande vinafungwa kwa pini, hakuna spana, na watu wanne tunamaliza kwa saa mbili. Kila kipande kina uzito wa karibu kilo 95, kwa hiyo tukiwa watatu hatujaribu.

Tatizo lilikuja siku ya pili ya mashindano yetu. Usiku mvua ilinyesha, mguu mmoja ukazama, na kati ya kipande cha nne na cha tano pakawa na kizingiti kinene kama kidole. Hakuna aliyekiona. Mbwa jike wa aina ya Labrador alijikwaa hapo akiwa katika kasi yake ya juu, akaingia majini ubavu na kutoka na ukucha uliopasuka. Alipona, lakini mwenye mbwa hakutusemesha mpaka jioni, na sikumlaumu. Maelekezo ya kiwanda yanasema miguu ikae "mahali pagumu", basi. Sasa tunaweka vipande vya ubao mpana chini ya kila mguu, na kila baada ya mapumziko mtu anapita na pimamaji huku mwingine akitelezesha kiganja juu ya maungio yote. Kiganja hugundua haraka kuliko macho.

Nyasi bandia ndizo zilizoniudhi zaidi. Gundi ya ukingo wa mbele ilibanduka kabla msimu haujafika nusu, na hapo hasa ndipo mbwa anapohitaji kushika. Nilipolalamika nikatumiwa kopo jingine la gundi ileile. Tulizing'oa kwenye kipande cha mwisho tukaweka zulia la mpira lenye vinundu, tukalikunja kushuka mbele ya ukingo na kulibana kwa chini, mbali na makucha. Baadhi ya mbwa waliokuwa wakisita ukingoni wakaacha kusita.

Jambo jingine ambalo hakuna muuzaji atakayekuambia: maji hupungua. Kila mbwa anayetoka anajikung'uta na kuondoka na yake, na kufikia mchana zile futi 2 zimeshaongezeka. Tumechora alama ndani ya bwawa na bomba liko tayari. Kwa kuwa mruko hupimwa kuanzia ukingo wa jukwaa hadi shina la mkia linapogusa maji, ukingo nao tunaupima kwa kamba pande zote mbili. Ukikaa upande, mbwa wa kulia na wa kushoto hawashindani sawa.

Ningelinunua tena? Ndiyo, fremu ni nzuri mno. Lakini ningeomba waniuzie bila nyasi zao.