Kitani na vitambaa vya Kijapani kwenye cherehani ya nyumbani: uzoefu wangu wa mwaka mzima

Niliagiza vitambaa vinne kwa mkupuo mmoja: mita 4 za kitani kisichotiwa rangi, mita 3 za shashi ya Kijapani ya tabaka mbili, mita 2 za turubai nyepesi yenye chapa ya mawimbi, na jora zima la kasuri, kitambaa cha Kijapani chenye buluu ya nili, kutoka mji wa Kurume. Cherehani yangu ni ya kawaida: ina mshono wa mbele, zigizaga na tundu la kifungo, basi. Mwaka umepita. Vyote nimevikata, nimevishona, nimevifua mara nyingi, na nguo mbili niliziharibu hadi nikalazimika kuanza upya. Namwandikia mtu anayeshona nyumbani, anayevitazama vitambaa hivi kwenye skrini na kujiuliza kama vinastahili gharama na subira yake.

Kwangu vimestahili. Ila vilinilazimisha kuacha mazoea yangu ya kuchagua mtindo kwanza, kisha kutafuta kitambaa cha kuujaza. Hapa kitambaa ndicho kilichoamua nguo.

Nianze na kitani, maana ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Wengi wakisikia kitani hudhani ni katani. Katani hutoka kwenye mkonge, ni ya kamba na magunia. Kitani hutoka kwenye shina la mmea mwembamba wenye maua ya buluu, Linum usitatissimum kwa jina la kitaalamu, unaolimwa sana kwenye ukanda wa pwani kuanzia Normandy nchini Ufaransa hadi Ubelgiji na Uholanzi. Mmea hung'olewa pamoja na mizizi, ukalazwa shambani wiki kadhaa ili umande na vijidudu vilegeze ute unaoshikisha nyuzi na shina, kisha ukapondwa na kuchanwa kama nywele. Nyuzi zinazopatikana hazilingani unene, ndiyo sababu kitambaa kina vinundu vidogo hapa na pale. Nilipokikunjua mara ya kwanza nilidhani vinundu vile ni kasoro. Siku hizi navitafuta kwa kidole.

Changu kilikuwa na uzito wa gramu 185 kwa mita ya mraba, na namba hiyo ndiyo ningemwambia mtu aitafute kabla ya kutazama rangi. Shati jepesi linataka gramu 120 hadi 150. Gauni na suruali pana, 180 hadi 200. Ukivuka 250 umeshaingia kwenye mifuko na vifuniko vya viti. Muuzaji asiyeandika uzito anakuacha ukisie, na picha haiwezi kukuambia chochote kuhusu jinsi kitambaa kitakavyoanguka mwilini.

Kilifika kikiwa kigumu, kina mlio ukikikunja. Nilikipima, nikakifua kwa maji ya vuguvugu, nikakianika, nikakipima tena. Mita 4 zilikuwa zimebaki mita 3 na sentimita 78. Sentimita 22 nzima zilirudi katika ufuaji mmoja! Ningekuwa nimekata kabla ya kufua, shati lingekuwa la mtu mwingine baada ya wiki moja. Tangu hapo hakuna kitani kinachogusa mkasi wangu kabla hakijagusa maji.

Baada ya kufua, kazi inayofuata ni kukinyoosha, na hapa nataka kukaa kidogo. Kitani huondoka kiwandani kimekwenda upande, yaani nyuzi za mshindio (za upana) hazikati zile za mtande (za urefu) kwa pembe mraba. Ukikata kwa kufuata ncha aliyoikata muuzaji, mguu mmoja wa suruali utajizungusha ukivaa. Dawa yake ni hii: kata kidogo kwenye ukingo wa pembeni, ushike uzi mmoja wa mshindio, uuvute polepole huku kitambaa kikijikunja nyuma yake, mpaka utoke. Unaacha mfereji mwembamba unaoonekana wazi kutoka ukingo hadi ukingo. Kata humo humo. Uzi ukikatika njiani, tafuta ncha yake uendelee. Mita moja na nusu ya upana hunichukua kama robo saa, na hiyo ndiyo robo saa ninayoipenda kuliko zote katika kushona. Kisha nakivuta kwa pembe, kikiwa bado na unyevu, mpaka kikae mraba, halafu pasi ya moto mkali na mvuke. Kikikauka kabisa kabla ya pasi, utasumbuka bure. Kinyunyizie maji tena.

Kwenye cherehani hakina ubishi. Sindano namba 80 inatosha, na 90 pale mishono inapokutana minne kwa mpigo. Hatua ya mshono naiweka kati ya milimita 2.5 na 3. Tatizo lake ni moja: kinachomoka nyuzi. Kikishakatwa, kila ukikigusa kinaacha uzi mezani. Zigizaga peke yake haikunitosheleza, kwa hiyo mishono yote mirefu nilishona mara mbili ili ncha zifungiwe ndani. Unaanza kwa kuunganisha vipande vikiwa vimetazamana migongo, unashona milimita 5 kutoka ukingoni, unapunguza zile ncha hadi milimita 3, unageuza, unapiga pasi, kisha unashona tena milimita 7 kutoka kwenye mkunjo. Jumla ni milimita 12, kwa hiyo acha nafasi hiyo tangu unapochora kwa chaki. Ndani ya shati langu hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia, na bado sijaona mshono ulioachia.

Kitani hakivutiki. Mwili ukiinama, hakiinami nao. Shati langu nililiongezea sentimita 12 kifuani na nikashusha kwapa kidogo, linakaa vizuri. Suruali ya kwanza niliibana makalioni kama nilivyozoea kwa vitambaa vingine, na mshono wa nyuma ukaanza kufunguka nyuzi, si kwa sababu uzi wa kushonea ulikatika, bali kitambaa chenyewe kilijitenga pembeni ya mshono. Nikaifumua yote. Ya pili ni pana, na hiyo ndiyo ninayoivaa.

Kinakunjamana, naam. Dakika tano baada ya kukaa, mapaja yana makunyanzi. Asiyeweza kuvumilia jambo hilo asinunue, maana hakuna ujanja wa kuliondoa. Lakini kila ufuaji umekilainisha, na uzi wa kitani ukilowa huongezeka nguvu badala ya kupungua, kwa hiyo sikiogopi kukifua. Shati la leo na kile kitambaa kigumu kilichofika kwenye kifurushi ni kama vitu viwili tofauti.

Shashi ya tabaka mbili ndiyo iliyonishangaza. Ni pamba mbili nyepesi zilizofumwa kwa wakati mmoja, zikashikizwa pamoja kwa vijiuzi vidogo kila baada ya sentimita moja hivi. Ukiifua, inajivuta na kufura kati ya vishikizo hivyo, ikawa na vijumba vidogo vyenye hewa. Usiipige pasi kwa kuikandamiza baada ya hapo. Utaua kile kile ulichokinunulia. Niliishona blauzi na nguo ya kulalia. Upana wake ni sentimita 108 tu, kama vitambaa vingi vya pamba vya Kijapani, na mitindo mingi huhesabiwa kwa upana wa 140 au 150. Ongeza urefu kabla ya kuagiza.

Blauzi nayo niliiharibu. Nilishona kola ya mviringo kama kawaida, mguu wa cherehani ukaisukuma tabaka ya juu huku meno yakiivuta ya chini, na shingo ikatanuka hadi ikaangukia begani. Niliporudia, nilipiga mstari mmoja wa mshono milimita 5 kutoka ukingo wa shingo mara tu baada ya kukata, kabla sijagusa kitu kingine, ili kuizuia isitanuke. Nikabadili sindano kuwa namba 70, nikapunguza mkandamizo wa mguu, na nikapiga bandi kwa mkono badala ya kutegemea pini, kwa kuwa pini hupotea ndani ya shashi. Shingo ikatulia. Kama cherehani yako haina kirekebishi cha mkandamizo, weka karatasi nyembamba chini ya kitambaa, ushone, kisha uichane.

Turubai ya mawimbi sina mengi ya kuisemea. Ile chapa inaitwa seigaiha, nusu duara zilizopangana kama magamba ya samaki, na ilitoa mifuko miwili imara na aproni. Kwa kuwa mawimbi yana juu na chini, vipande vyote lazima vielekee upande mmoja, na hapo unapoteza kitambaa.

Sasa kasuri. Jora lilikuwa na upana wa sentimita 37 na urefu wa karibu mita 12. Nilijua kwamba ni jembamba, lakini kujua na kulitandaza mezani ni mambo mawili. Hakuna gauni la mtindo wa kawaida linaloingia humo bila kuungaunga. Kimono hushonwa kwa vipande vilivyonyooka vya upana huo huo, bila kukata mviringo wowote, hivyo nguo ikichakaa inaweza kufumuliwa, vipande vikafuliwa na kushonwa tena. Nikafuata njia hiyo. Nilikata mapande mawili marefu, kila moja likipita juu ya bega kutoka pindo la mbele hadi la nyuma, nikayaunganisha katikati mgongoni na kifuani, nikaacha nafasi ya kichwa, nikashona ubavuni. Mikono ni vipande viwili vifupi vya upana ule ule. Kingo za pembeni za jora zimefumwa zikafungwa, kwa hiyo hazihitaji zigizaga wala chochote. Gauni pana, hakuna kilichotupwa, na karibu nusu ya jora ipo kabatini.

Katika kasuri, nyuzi hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Palipofungwa hubaki peupe, na mfumaji anapozipanga, michoro inajitokeza yenye kingo zinazofifia kidogo, kama maandishi yaliyoguswa na unyevu. Kule Kurume, kwenye kisiwa cha Kyushu, anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Inoue Den, aliyezaliwa mwaka 1788. Alikuwa msichana wa miaka kama 12 alipoona madoa meupe kwenye nguo iliyochujuka, akaifumua ili ajue yalivyotokea. Tangu nilipojua hilo, kila nikifumua mshono nilioukosea ninautazama vizuri kabla ya kutupa uzi.

Nili inachuja, na hilo lazima lisemwe. Rangi hukaa zaidi juu ya uzi, na ikisuguliwa hutoka. Vidole vyangu vilikuwa vya buluu siku nzima ya kwanza, na bitana nyeupe ya mfuko ilipata doa ambalo halijatoka. Fua peke yake, maji baridi, na anika kivulini ndani ikiwa nje. Baada ya mara sita hivi, maji yalianza kutoka safi.

Mabaki ya kasuri nimeyafanya viraka vya sashiko kwenye magoti ya ile suruali ya kitani. Udarizi huu wa mishono mifupi inayoonekana ulikuwa kazi ya lazima kaskazini mwa Japani, ambako baridi ilizuia pamba kustawi na vitambaa vilipaswa kupangwa tabaka na kuimarishwa ili vidumu. Uzi wake ni wa pamba, mnene, haugawanywi. Kinachosaidia ni kukusanya mishono mitano au sita kwenye sindano kisha kuvuta, kunyoosha kwa kidole gumba, na kuacha kilegezo kidogo nyuma kila unapogeuka kona. Nilipoanza nilikuwa navuta sana, kiraka kikakunjamana. Kilegezo ndicho siri.

Kuhusu muuzaji, sitamtaja. Vitambaa vilikuwa halisi na vilifungwa kwa uangalifu, lakini shashi ililetwa vipande viwili vya mita moja na nusu bila kuniambia kabla, na ile turubai ilitangazwa kama kitani cha Kijapani ilhali ni asilimia 85 pamba na 15 kitani. Niliandika, wakarudisha sehemu ya fedha. Tazama lebo iliyochapwa ukingoni: 綿 ni pamba, na 麻 kwenye lebo huweza kuwa kitani au rami, yaani nyuzi za mmea mwingine. Ukiona zote mbili, tafuta asilimia.

Nimeshaagiza kitani kingine, mita 3, kizito kidogo, cha buluu iliyopauka. Kimefuliwa, kipo kambani sasa hivi. Kikibaki na unyevu hadi jioni nitakipiga pasi na kuuvuta uzi wa kwanza.